Mwamba wa Mandera na Upimwe, Lakini Maji Yatangulie

Mkulima wa kando ya mto Daua amezoea kupimiwa ardhi yake kwa juu. Mpimaji huja na mnyororo wake akahesabu ekari, fundi wa mfereji hutazama mteremko, naye bwana shamba huushika udongo kwa kiganja akausaga kwa vidole. Siku hizi dunia imeanza kutaka kuipima ardhi kwa chini, wala si futi ishirini za kisima, bali futi elfu mbili, elfu tatu na kupita. Haja yao ni kutafuta mahali pa kuzika hewa ya ukaa, ile hewa itokayo katika moshi wa viwanda, wa motokaa na wa mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe.

Chini ya Mandera kuna bonde kubwa la miamba ya tabaka. Ni mojawapo ya mabonde manne ya namna hiyo ambayo wataalamu huyahesabu katika Kenya, mengine yakiwa ni Anza, Lamu na Bonde la Ufa. Kwa hiyo tusishangae siku moja wapimaji wa hewa wakifika na kwetu. Maoni yangu nayasema mapema, ili msomaji ajue ninakokwenda: na wapime. Lakini wakulima wa skimu wasikubali mwamba upimwe kwa ajili ya hewa peke yake na maji yakaachwa, wala asiweke mtu sahihi au kidole gumba katika karatasi ya kuzika hewa kabla hesabu za upimaji hazijasomwa barazani kwa lugha ambayo watu wanaisikia.

Kwanza tuifahamu hewa yenyewe. Hewa ya ukaa si sumu kama dawa ya kupe. Sisi sote twaitoa puani, na mimea ya shambani huila. Pasipo hewa hiyo hakuna kitunguu, hakuna simsim, hakuna mwembe. Ubaya wake ni wingi. Kabla viwanda havijaenea duniani, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa za ukaa; leo zimepita 420. Nayo hushika joto lisirudi juu, kama blanketi linavyoshika joto la mwili. Watu wa kaskazini mashariki hawana haja ya kuhubiriwa sana juu ya matokeo yake. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, ngamia wakaanguka njiani, kisha mwisho wa 2023 yakaja mafuriko yaliyochukua hata kile kidogo kilichobaki. Wataalamu waliouchunguza ukame ule walisema kwamba joto la dunia liliuzidisha.

Basi wakubwa wa viwanda husema hivi: kama hatuwezi kuacha moshi mara moja, tuikamate hewa hii, tuishindilie chini ya ardhi, ikae huko. Huenda msomaji akadhani hii ni hadithi ya paukwa pakawa. Sivyo. Katika msitu wa Kereita, huko Lari, Kaunti ya Kiambu, kampuni ya Carbacid, iliyoanzishwa mwaka 1961, huichimba hewa hiyo hiyo kutoka chini ya ardhi, na watengenezaji wa soda huinunua ili vinywaji vyao vitoe povu. Hakuna aliyeiweka pale. Ilikuwa imefungiwa mwambani kabla hajatokea mtu wa kuichimba. Tena ng'ambo ya mpaka wetu, katika Ogaden, gesi ya kuwaka iligunduliwa Calub miaka ya 1970, imenaswa katika miamba ambayo ni ya ukoo mmoja na miamba ya Mandera. Kwa hiyo kama swali ni kwamba mwamba waweza kushika hewa kwa muda mrefu, jibu ni ndiyo, waweza. Swali la pili ndilo gumu: ni mwamba gani, na mahali gani hasa?

Mtu asifikiri kwamba chini kuna pango tupu kama ghala linalongoja kujazwa. Hewa huingia katika matundu madogo yaliyo kati ya chembe za mchanga uliogeuka jiwe, matundu ambayo kwa kawaida yamejaa maji ya chumvi. Ukitaka kuona, chukua jiwe la mchanga ulidondoshee maji: yatanywewa. Lidondoshee jiwe gumu la itale: yatateleza. Wataalamu hutaka jiwe linalokunywa, na hulitaka liwe chini ya mita 800 hivi, kama futi 2,600, kwa sababu huko uzito wa nchi huibana hewa mpaka ikawa nzito, iwe karibu na maji kuliko kuwa hewa. Tani moja ya hewa ya ukaa huku juu hujaza chumba cha mita nane kila upande na zaidi. Ikishabanwa kule chini huingia katika tangi la lita 2,000 na nafasi ikabaki. Lakini hata hapo bado ni nyepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hutaka kupanda. Hapana budi juu yake kuwe na kifuniko: tabaka nene la udongo uliogeuka jiwe, lisilopitisha kitu, lisilo na ufa.

Sasa tutazame kwetu. Katika miaka ya 1950 Idara ya Jiolojia ya serikali ya wakati ule ilipima nchi hii kipande kwa kipande, ikatoa ripoti za Takabba na Wergudud, za Derkali na Melka Murri, za El Wak, za Mandera na Damassa. Wale wapimaji waliyapa matabaka majina ya mahali petu: Mansa Guda, Didimtu, Murri, Rukesa, Seir, Rahmu, Hereri, Danissa. Huenda kijana apitaye na mbuzi wake kando ya kilima hajui kwamba jina la kilima kile husomwa katika vyuo vya nchi za mbali. Waliandika kwamba chini kabisa, juu ya mwamba mkongwe, yamelala mawe ya mchanga ya Mansa Guda. Juu yake yamepangana mawe ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, yaliyojaa magamba ya konokono na chaza, kwa maana zamani sana bahari ilifika hapa. Na katikati ya chokaa hizo kuna udongo uliogeuka jiwe, ule wa Rukesa, wa Rahmu na wa Hereri.

Kwa maandishi, basi, Mandera ina jiwe linalokunywa na ina kifuniko juu yake. Mtu akiwa mjini Nairobi au ng'ambo, akitazama ramani tu, aweza kuweka alama nyekundu akasema hapa panafaa. Lakini kuna mambo mawili ambayo ramani ya ukutani haiyasemi kwa sauti.

La kwanza ni mteremko. Matabaka haya hayakulala sawasawa kama mkeka. Yameinama kuelekea mashariki, upande wa Somalia. Magharibi yamejitokeza juu ya nchi, hata mtu aweza kuyakalia, mashariki yamezama. Ile mita 800 hupatikana kule yalikozama. Sasa fikiri: hewa ikiwekwa mashariki, nayo ni nyepesi, itataka kwenda wapi? Itataka kupanda polepole ikifuata mteremko kuelekea magharibi, ambako mdomo wa tabaka uko wazi, na ambako mvua huingia ikashuka mwambani. Sisemi kwamba itafika. Njiani sehemu yake hunaswa katika matundu, sehemu huyeyuka katika maji ya chumvi, na mwendo wake huenda ukawa wa miaka elfu nyingi. Nasema tu kwamba hesabu ya mwendo huo ndiyo roho ya upimaji wote, na mpimaji asiyeweza kuieleza hesabu hiyo hajapima.

La pili ni chokaa yenyewe. Maji yaliyochanganyika na hewa ya ukaa huwa makali kidogo, kama soda inavyochoma ulimi, na ukali huo hula chokaa. Kila mkazi wa nchi ya chokaa amepata kuona matundu na nyufa ambazo maji ya mvua yamezichonga. Ufa uliokwisha kuwako waweza kupanuka. Kwa hiyo jiwe la chokaa halifai kutumainiwa kuwa kifuniko, hata likiwa nene namna gani. Na yule atakayesema kwamba ile jasi ya El Wak itaziba, ajibiwe kwamba jasi ile iko karibu na uso wa nchi. Mfuniko ulio mlangoni hauzuii kitu kilicho shimoni.

Tena miamba hii haijui mpaka. Bonde la Mandera laendelea mpaka Luuq katika Somalia na kuungana na Ogaden katika Ethiopia. Daua unatoka Ethiopia, unatugawa na Ethiopia, kisha huingia Somalia ukaungana na Genale kuwa mto Juba. Maji ya juu twagawana na jirani, na maji ya chini vilevile. Kenya haiwezi kushindilia hewa Mandera bila ya kuketi na nchi hizo mbili, na kuketi huko, sote twajua, si kazi ya wiki moja.

Upimaji wenyewe hufanywaje? Huanza mezani, kwa kukusanya karatasi za zamani. Nyingine ziko tayari: katika miaka ya 2010 kampuni za kutafuta mafuta zilipiga mistari ya mitetemo katika nchi ya Mandera, magari mazito yakiitikisa ardhi na vyombo vikisikiliza mwangwi kutoka chini, kama tabibu agongaye kifua cha mgonjwa. Baada ya hapo huchimbwa kisima kirefu na kutolewa vipande vya mwamba, vipelekwe maabara vikapimwe matundu yake. Kisima kama hicho si mchezo. Pale Merti, Kaunti ya Isiolo, kampuni ya CNOOC ya China ilichimba kisima cha Bogal mwaka 2009 na 2010 kikapita mita 5,000, wala haikupata mafuta ya kuuza. Kisha ndipo hujaribiwa kushindilia, kwanza maji, halafu hewa kidogo, huku vyombo vikitazama. Katika kila daraja mahali pengi hukataliwa. Kati ya mabonde kumi yanayosifiwa mezani, machache tu hufika mwisho.

Kwa sababu hii nawaomba wasomaji wasitishwe wala wasifurahishwe na tarakimu kubwa za mwanzo. Tumepata kuona. Mnamo Septemba 2013 ilitangazwa kwamba chini ya Lotikipi, Turkana, kuna maji mengi ajabu, zaidi ya mita za ujazo bilioni 200, yaliyoonekana kwa vyombo vya angani. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Walipochimba na kuonja, maji ya Lotikipi yakaonekana yana chumvi nyingi. Chombo cha angani hakina ulimi. Na kama maji, ambayo mtu aweza kuyaonja, yalitupita hivyo, je, hewa isiyoonekana wala kunuka?

Mfano mwingine ulio karibu na hali yetu ni wa jangwani Algeria, mahali paitwapo In Salah. Huko, kuanzia 2004 hadi 2011, karibu tani milioni 4 za hewa ya ukaa zilishindiliwa katika jiwe la mchanga, karibu mita 1,900 chini. Ulikuwa mradi wa kampuni kubwa, wenye wataalamu wa kila namna. Vyombo vya angani vikaonyesha kwamba uso wa jangwa unainuka milimita chache kila mwaka juu ya visima vile, kwa kuwa mwamba ulikuwa unasukumwa kutoka ndani. Mwaka 2007 hewa kidogo ilionekana ikitoka katika kisima cha zamani kilichokuwa karibu, kikazibwa. Mwaka 2011 kazi ikasimamishwa, kwa hofu kwamba kifuniko kimeanza kuingia nyufa. Hakufa mtu, wala haikuwa aibu. Kusimama kwa wakati ndiko kulikofaa. Kwangu mimi habari ya In Salah ni bora kuliko sifa zote za vitabu, maana yatuonyesha pahali penyewe pa hatari: nguvu ya kusukuma, na visima vya zamani vilivyosahauliwa.

Lipo jambo lingine la haki ambalo yafaa lisemwe. Wako watakaowatisha wakulima kwa habari za Nyos, katika Kamerun, ambako usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya ukaa iliruka kutoka ziwani ikaua watu zaidi ya 1,700 na ng'ombe wao. Ndugu zetu wa Goma nao wana neno la Kiswahili kwa hewa hii, mazuku, nayo hukaa katika mashimo na mabonde madogo, ikamuua mbuzi aliyeinamisha kichwa kula majani, na mara nyingine mchungaji wake. Habari hizo ni za kweli. Lakini Nyos ni ziwa la volkano lililojaa hewa mpaka likafurika kwa ghafula, na Goma iko miguuni pa volkano iliyo hai. Mandera haina volkano iliyo hai, na hewa iliyonaswa katika matundu ya mwamba mita 1,000 chini haiwezi kuruka yote kwa usiku mmoja. Woga usiokuwa na kipimo ni mbaya sawa na tamaa isiyo na kipimo. Kinachobaki kutukumbusha mazuku ni kwamba hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kupumua, basi ikivuja katika kisima, mtu asishuke kisimani kabla hajajaribu.

Hatari yetu sisi iko majini. Kaunti hii hupata mvua ya milimita 250 hivi kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 867,457, na wote hao, pamoja na wanyama wao, hunywa kutoka katika Daua, mabirika, malaga yaliyochimbwa mchangani, na visima vya mashine ambavyo vingi hutoa maji ya chumvi-chumvi. Watu wa Wajir na Garissa wanao mwamba wa maji wa Merti, unaopita Habaswein na kuwanywesha hata wakimbizi wa Dadaab. Na huo nao una maji matamu katikati na maji ya chumvi pembeni. Ukivuta sana upande mmoja, chumvi husogea. Ndivyo ilivyo katika kushindilia pia: huwezi kuingiza tani milioni moja ya kitu katika matundu yaliyojaa maji ya chumvi bila ya maji hayo kwenda mahali. Yakipata ufa, au kisima cha zamani kisichozibwa, yatapanda. Na kitunguu, kama mjuavyo, hakina subira na chumvi. Shamba likishaingia chumvi, mwenye skimu hawezi kuhamia kwingine kama ahamavyo mwenye ngamia. Kiwanja chake ni hicho hicho.

Kwa haki niseme pia kwamba sioni bomba la hewa likija Mandera karibuni. Hewa ya kuzika itoke wapi? Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka katika mvuke wa Olkaria, katika maji, upepo na jua, ambavyo havitoi moshi mwingi. Viwanda vikubwa vya saruji viko Athi River na pwani, na kutoka Nairobi hata Mandera ni kama kilomita 1,000. Kazi ya namna hii nchini imeanzia Bonde la Ufa. Kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa 2022, imeweka mitambo Gilgil ya kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, ikashirikiana na kampuni ya Cella katika shauri la kuiingiza katika mawe meusi ya volkano. Mawe hayo yana tabia nzuri: huko Iceland, mradi wa Carbfix uliingiza hewa katika mawe ya namna hiyo mwaka 2012, na mwaka 2016 ikaandikwa kwamba zaidi ya sehemu 95 katika 100 ilikuwa imegeuka jiwe katika muda wa miaka miwili. Lakini kazi ile hula maji, kama tani 25 kwa kila tani ya hewa. Nani atatoa maji hayo Mandera? Na miamba yetu si ya volkano, ni chokaa na mchanga.

Mtu ataniuliza: kama bomba haliji, tupime ya nini? Jibu langu ni kwamba upimaji wa hewa na upimaji wa maji ni kazi moja ikifanywa kwa uaminifu. Kisima cha mita 1,500 hakifiki chini bila kupita katika kila tabaka lililo juu, na kila tabaka lenye maji laweza kupimwa njiani: limeanza wapi, limekwisha wapi, lina chumvi kiasi gani, linatoa lita ngapi kwa saa. Wageni wenye fedha za kutafuta matundu ya hewa watalipia kuchimba ambako kaunti haiwezi kulipia. Basi iwe sharti la kwanza, limeandikwa: kila hesabu ya maji iliyopatikana ni ya watu, ipewe kaunti na kamati za skimu palepale, na kisima kikipata maji matamu kikabidhiwe kwa wenyeji badala ya kuzibwa. Mpimaji akikataa sharti hilo, mimi nadhani aambiwe kwa heshima arudi alikotoka.

Na sababu nyingine ni kwamba asiyejua thamani ya mali yake huuza kwa bei ya mnunuzi. Biashara ya kaboni imekwisha fika kaskazini. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo. Na mojawapo, Biliqo Bulesa, ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuuza kaboni ya malisho. Pale ilikuwa habari ya majani na ng'ombe, vitu ambavyo kila mzee anavijua kuliko mtaalamu. Itakuwaje katika habari ya mwamba ambao hakuna mzee aliyepata kuuona?

Sheria ipo, nayo yafaa isomwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yataka jamii isajili ardhi yake, na mkataba wa uwekezaji uzungumzwe na jamii yenyewe. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, yaamuru kwamba mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uwape wenyeji si chini ya sehemu 40 katika 100 za mapato yake ya mwaka, na mradi usiotegemea ardhi sehemu 25. Hapa ninalo swali ambalo natamani wanasheria wa serikali walijibu mapema: kuzika hewa futi 3,000 chini ya shamba ni mradi wa ardhi, au si wa ardhi? Mwenye mradi atapenda useme si wa ardhi. Tofauti ni shilingi 15 katika kila shilingi 100, kila mwaka. Neno hilo liandikwe wazi katika mapatano kabla chombo cha kwanza hakijashuka, pamoja na fedha za amana, ziwekwe benki, za kuziba na kulinda visima miaka 50 baada ya kampuni kufunga ofisi yake. Kampuni hufa. Kisima kibaya hakifi.

Wakati wa kuanza ni sasa, kabla hajaja mtu, maana siku mgeni atakaposema maji yenu yalikuwa na chumvi tangu zamani, mtamjibu kwa nini kama hamkuandika? Kazi yenyewe haitaki mtaalamu. Kamati ya kila skimu, kutoka Rhamu mpaka Khalalio na mjini Mandera, ichague kijana mmoja ajuaye kuandika. Apewe kamba yenye fundo kila mita na jiwe mwishoni, na daftari gumu la mistari. Kila mwezi, asubuhi kabla mashine hazijawashwa, ashushe kamba katika kila kisima, ahesabu mafundo mpaka majini, aandike tarehe na jina la kisima. Kipimo cha chumvi cha mkononi si ghali, skimu mbili zaweza kukichanga. Kitumbukizwe katika kikombe cha maji na tarakimu yake iandikwe safu ya pili. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya Gu, ambapo maji huwa yameshuka kabisa, chupa moja kutoka kila kisima ipelekwe maabara ya maji, na karatasi ya majibu ibandikwe ndani ya daftari lile. Visima vya zamani vilivyoachwa navyo vitafutwe, vile ambavyo watoto hutupia mawe, na pahali pa kila kimoja paandikwe, pamoja na jina la mzee anayekumbuka kilichimbwa mwaka gani na kilifika wapi. Daftari liwekwe kwa mwenyekiti, na nakala yake ipelekwe kwa afisa wa maji wa kaunti, atie mhuri na tarehe.